Kaka anakuja Kigoma na watoto waliozaliwa Hamburg, wajiandae vipi kiafya?

shangazi_wa_Mwanga

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa kwa walio kwenye fani ya afya.

Kaka yangu aliondoka hapa Kigoma akiwa kijana, sasa anaishi Hamburg. Mwezi wa saba anakuja na wifi pamoja na watoto wawili, wa kike ana miaka tisa na wa kiume mitatu. Watoto hawajawahi kukanyaga Tanzania. Watakaa wiki nne: kwangu hapa Mwanga, kisha Ujiji kwa mama, halafu kaka anataka kuwapeleka Gombe wakaone sokwe, na mwisho watapanda treni hadi Urambo kwa wajomba.

Nilipomuuliza habari za chanjo na dawa za malaria alinijibu, "Dada, mimi mtoto wa Ujiji. Malaria nimeugua tangu sijaota meno, damu yangu inaijua." Watoto anasema watalala kwenye chandarua, inatosha. Mama naye hataki hata kusikia. Anasema wajukuu wanakuja kwao, hawaendi porini, wachomwe masindano ya nini.

Mimi sina amani. Chanjo zipi ni za lazima na zipi ni za hiari? Kaka ana kadi ya njano, alichanjwa homa ya manjano mwaka 2009 alipokuwa anaondoka, lakini imeandikwa mwisho 2019. Wifi na watoto hawana kabisa. Safari yao inapita Addis Ababa na wanalala pale, wanasubiri ndege ya pili kama saa kumi na nne. Halafu nimesikia kuna chanjo ya malaria siku hizi. Si wachanjwe hiyo tu yaishe?

---

nesi_mstaafu_Ujiji

Mwanangu, umefanya vizuri kuuliza mapema. Nimefanya kazi wodi ya watoto hapa Kigoma mpaka nikastaafu, na hili la kaka yako naomba umpelekee kama nilivyoliandika, asome mwenyewe.

Hiyo damu anayoisema ilikuwa kweli zamani. Mtu aliyekulia Ujiji huumwa na mbu wenye vimelea kila mwaka, akiwa mtoto anaugua mara kwa mara, na wasiobahatika hufa. Anayevuka umri ule mwili wake unakuwa umejifunza kupambana, akiugua ukubwani anapata homa, kichwa, viungo, anameza dawa mseto na kurudi kazini. Lakini kinga hiyo haiui malaria, inaipunguza makali tu, na inadumu kwa sababu mbu wanaendelea kumuuma. Ukikaa miaka Ulaya bila kuumwa, inapungua. Kaka yako akija leo ni mgeni mbele ya malaria, ila yeye hajijui kuwa ni mgeni, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtalii anayekuja kulala hotelini anameza dawa, anajipaka, anavaa mikono mirefu. Mwenyeji aliyerudi anakaa barazani mpaka saa nne usiku na kaptula. Huko Ulaya wengi wanaolazwa na malaria ya kutoka Afrika ni watu waliokwenda kusalimia kwao.

Watoto wake hata hicho kidogo hawana. Sisi wodini tulimjua mtoto wa ng'ambo kabla hatujasoma faili. Asubuhi alikuwa anacheza, jioni joto limepanda, usiku analetwa anapiga degedege, mama yake anatuambia, "Lakini baba yake ni wa hapa hapa." Malaria ya kwetu, ile inayoitwa falsiparamu, haisubiri kwa mtoto ambaye hajawahi kuugua. Siku moja au mbili tu inaweza kufika kwenye ubongo au kumaliza damu. Sikuandikii haya ili nikutishe. Nayaandika kwa sababu yanazuilika.

Kwa hiyo wote wameze dawa ya kinga, na kaka yako akiwemo. Zipo aina tatu ambazo daktari wao atachagua. Malarone humezwa kila siku, inaanza siku moja au mbili kabla ya kufika na kuendelea siku saba baada ya kuondoka. Ipo ya watoto na kipimo chake hufuata uzito. Doksisaiklini nayo ni ya kila siku, lakini inaendelea wiki nne baada ya kuondoka. Huyo wa miaka mitatu hawezi kupewa, na mtu mzima anayeitumia ngozi inaungua upesi na jua. Meflokwini ni ya mara moja kwa wiki na inaanza wiki mbili au zaidi kabla ya safari. Mwenye historia ya kifafa au ya ugonjwa wa akili asiiguse. Klorokwini waisahau, vimelea vya huku viliizoea zamani. Na asije akakudanganya mtu kwamba mwezi wa saba ni kiangazi hakuna malaria. Inapungua, haiishi. Hapa ziwani na kule Urambo ipo mwaka mzima, na mkoa wa Tabora ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini.

Ile chanjo uliyoisikia ni ya kweli. Shirika la Afya Duniani liliipitisha ya kwanza 2021 na ya pili 2023. Lakini imetengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga wanaoishi kwenye malaria, inatolewa kwa dozi nne na inaanza wakiwa na miezi mitano hivi. Msafiri wa wiki nne haimhusu.

Sasa homa ya manjano, maana hapo ndipo watu wanapokwama uwanjani. Tanzania haidai cheti kwa mtu anayetoka Ujerumani moja kwa moja. Inakidai kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, au aliyekaa kwenye uwanja wa nchi hiyo zaidi ya saa 12. Ethiopia ni mojawapo. Saa kumi na nne za Addis zimeshawaingiza kwenye sharti. Ama wachanjwe, ama wabadili tiketi wapate ya kusubiri muda mfupi. Wakichanjwa wafanye mapema, cheti kinaanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano. Kadi ya kaka yako haijafa: tangu tarehe 11 Julai 2016 chanjo moja ni ya maisha, hata kadi za zamani zilizoandikwa miaka kumi. Asiitupe. Na kama ana mpango wa kuvuka kwenda Bujumbura kule Burundi au Kalemie kule Kongo, huko kote wanadai cheti mpakani, na akirudi Kigoma ataulizwa tena.

Jambo moja mkumbushe: chanjo ya manjano na ya surua zote ni za vimelea hai. Kama kuna mtoto hajamaliza surua, apewe zote siku moja au ziachane wiki nne. Wakienda kliniki siku ya mwisho hawataweza kupanga hayo. Wiki sita kabla ya safari ndio muda mzuri, na hapo Hamburg penyewe kuna taasisi ya Bernhard Nocht ya magonjwa ya tropiki, ipo tangu 1900. Hawana haja ya kuhangaika mbali.

Zingine nazitaja kwa haraka. Homa ya ini A wachanjwe wote watatu ambao hawakukulia huku; sisi wengi tuliipata utotoni bila kujua, wao hawajaipata. Taifodi pia, inafaa kuanzia miaka miwili. Pepopunda waangalie kama miaka kumi imepita. Polio na homa ya ini B watoto watakuwa nazo kwenye kadi zao, wahakikishe tu.

Kichaa cha mbwa ningewashauri, hasa kwa watoto. Mtoto wa Ulaya amezoea mbwa wa ndani, anamwendea yeyote na kumshika. Akichanjwa kabla, mara mbili kwa kuachanisha siku saba, halafu akaumwa, bado atahitaji sindano za nyongeza, lakini hatahitaji ile dawa ya kingamwili ambayo kuipata mikoani ni shida. Kwa vyovyote vile, akiumwa au kulambwa kwenye kidonda, sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kwanza, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Msimpake mafuta ya taa, msimfunge majani.

Na mama yako mwambie hivi, kwa heshima: chandarua chenye dawa kifungwe kabla wageni hawajafika, kikiwa kimechomekwa chini ya godoro pande zote. Saa kumi na mbili jioni madirisha yafungwe na watoto wavae suruali. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, yenye DEET, waje nayo kutoka huko. Maji yachemshwe, hata ya kusukutulia mdomo mtoto mdogo. Kipindupindu tunakijua sisi watu wa ziwa. Mwaka 2015 pale Kagunga, wakimbizi wa Burundi walipojaa ufukweni, kilisambaa kwa siku chache. Bibi kuwakinga wajukuu si kuwaita wageni.

---

nahodha_Kibirizi

Shikamoo mama nesi, umemaliza. Mimi napeleka watu Gombe kwa boti, ngoja niongeze ya upande wangu.

Dada, kwanza muulize kaka yako kama amewasiliana na TANAPA, wenye hifadhi za taifa, kuhusu umri. Kuwafuata sokwe mtu msituni kuna umri wa chini, mtoto wa miaka mitatu hawezi kuruhusiwa, na wa tisa usimwahidi kabla hamjapata jibu. Nimeona watoto wanalia gatini kwa sababu mzazi aliwaahidi bila kuuliza. Ni kama kilomita 16 tu kutoka mjini, lakini mawimbi ya mchana yana nguvu, tunaondoka alfajiri.

La pili, mafua. Watu wengi wanafikiri kinga ya safari ni mimi nisiambukizwe. Gombe ni kinyume. Sokwe wanapata magonjwa yetu, na mafua yanayokupitia wewe kwa siku tatu yanaweza kumuua sokwe na mwanawe. Mwaka 1966 polio iliwaingia sokwe wa Gombe wakati ugonjwa ulikuwa kwa watu wa maeneo haya. Wapo waliopooza, wapo waliokufa. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, na wenzake waliwapa chanjo ya matone ndani ya ndizi. Kwa hiyo mgeni akiwa anakohoa asifiche, asimeze vidonge asubuhi ili apite. Barakoa ni lazima, na umbali mhifadhi atawaambia. Chanjo ya surua na polio ya hao wageni ni ulinzi wa sokwe pia.

La tatu, kuogelea. Ziwa letu ni safi unaona mpaka chini, na mtu akiona maji yale anasema hapa hakuna ugonjwa. Kichocho kipo. Hakipo kila mahali kwa kiasi kimoja: kinapenda karibu na vijiji, kwenye matete, mahali mto unapoingilia ziwani, ambako konokono wanakaa na watu wanaoga na kufua. Mimi wageni wangu nawapeleka kwenye mawe, maji marefu, mbali na mito. Hata hivyo wakirudi kwao wapime baada ya miezi miwili hivi, maana ukipima mapema hakionekani. Dawa yake ni prazikwanteli na inatibu vizuri.

---

shangazi_wa_Mwanga

Mungu awabariki. Nimemtumia kaka yote usiku wa jana. Alinyamaza muda mrefu, kisha akapiga simu. Lile la "hajijui kuwa ni mgeni" limemwingia.

Mama nesi, kuna jambo sikuliandika kwa sababu familia haijatangaza, lakini hapa hatujuani majina. Wifi ni mjamzito. Mwezi wa saba itakuwa miezi minne. Kaka anasema kliniki ya huko wamemwambia yuko vizuri. Je, hizo dawa na chanjo anaweza? Na akifika hapa, si atapewa zile SP za kliniki, vidonge vya kuzuia malaria, kama sisi?

---

nesi_mstaafu_Ujiji

Mwanangu, ahsante kwa kuniamini. Hili nitalisema bila kuzunguka: ningekuwa mimi ndiye mama mkwe, ningemwambia asije mwezi wa saba. Aje akishajifungua.

Mjamzito anaumwa zaidi na mbu, na malaria ikimwingia inajificha kwenye kondo la nyuma. Unaweza ukapima damu ya kidole usiione, kumbe kule ndani inamnyima mtoto chakula. Tumewapoteza wengi kwa namna hiyo: mimba kutoka, mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, mama kuishiwa damu. Na hawa walikuwa wanawake wa hapa hapa waliokulia kwenye malaria. Wifi yako hana kinga hata chembe. Shirika la Afya Duniani lenyewe linawashauri wajawazito wasisafiri kwenda kwenye malaria kama safari inaweza kuahirishwa. Hii inaweza.

SP za kliniki ni za mama anayeishi huku, anazipata kwa vipindi pamoja na chandarua. Msafiri asizitegemee. Malarone kwa mjamzito haishauriwi kwa kawaida, doksisaiklini haifai. Inayobaki ni meflokwini, na ni daktari wake tu wa kuamua. Chanjo ya homa ya manjano ni hai, mjamzito kwa kawaida hapewi. Daktari anaweza kumwandikia cheti cha kusamehewa, lakini afadhali wakwepe kwa kubadili tiketi. Dawa ya kupaka ya DEET anaweza kutumia.

Najua bibi ameshaandaa chumba. Mwambie taratibu, na umwambie wewe, si kaka yako kwa simu. Mwambie mjukuu wa tatu yuko njiani na ndiye tunayemlinda.

---

mfuga_nyuki_Urambo

Mwangaluka wana-Kigoma. Nimeona wanafika Urambo kwa wajomba, nami niko huku huku.

Hakuna aliyetaja ndorobo, wale nzi wanaouma. Huku mjini si tatizo, lakini wajomba wa Urambo hawana namna ya kumpokea mtu bila kumpeleka porini kuonyesha mizinga. Kwenye miombo ndorobo wapo, na wengine hubeba malale, ugonjwa wa usingizi. Hakuna chanjo ya malale wala dawa ya kinga, kwa hiyo kinachobaki ni kutoumwa. Nguo za bluu na nyeusi zinawaita, ndiyo maana mitego yao inashonwa kwa rangi hizo hizo. Jinzi la bluu liachwe nyumbani. Vaeni kaki au rangi ya majani makavu, kitambaa kizito, maana nyembamba wanatoboa. Kwenye gari vioo vifungwe, wanafuata kitu kinachokwenda. DEET haiwasumbui sana, msiitegemee kwao.

Mtu akiumwa halafu baada ya siku chache pale pakavimba kidonda kigumu chenye maumivu, na homa ikafuata, asiseme ni malaria tu akameza vidonge. Aende apimwe damu na aseme alikuwa pori la Urambo. Malale ya upande wetu wa mashariki mwa Afrika inakwenda kwa wiki, si kwa miaka, na ikiwahiwa inatibika.

Mtoto wa miaka mitatu abaki na bibi zake nyumbani. Asali tutamletea.

---

shangazi_wa_Mwanga

Nimerudi na taarifa. Kaka anakuja na binti peke yake. Wifi na mdogo watabaki, watakuja wote na mtoto mpya mwakani Mungu akipenda. Mama alikasirika siku ya kwanza, lakini leo nimemkuta anaulizia chandarua kipya, anataka kile kikubwa cha mviringo. Tiketi imebadilishwa, Addis watakaa saa tatu tu. Binti amepata miadi kliniki, na kaka amekubali kumeza Malarone. Gombe amesema ataandika kuuliza umri kwanza.

Mama nesi, kuna chochote cha mwisho? Nimeshanunua kipimajoto na pakiti za ORS.

---

nesi_mstaafu_Ujiji

Umeniondolea mzigo, mwanangu. Hongera kwa kuongea na mama.

Cha mwisho ni cha baada ya safari, na ndicho kinachosahaulika. Malaria haionekani siku ya kuumwa. Inachukua siku saba au zaidi, mara nyingi wiki mbili, na inaweza kuchelewa miezi. Binti anaweza kuondoka hapa mzima kabisa, akapata homa darasani Hamburg mwezi wa tisa, na daktari wa huko akaona mtoto mwenye mafua tu kwa sababu hakuna aliyemwambia alikotoka. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu, na hata mpaka mwaka, waende hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana, na neno la kwanza mapokezi liwe Tanzania. Waombe kipimo cha malaria kwa jina. Kikitoka safi na homa ikaendelea, kirudiwe kesho yake.

Akiwa hapa ni vivyo hivyo: kipimajoto kikisoma 38, usimpe panado ukasubiri kuche, nenda mkapime. Zahanati za hapa mjini kipimo cha haraka wanacho na jibu mnapata kabla ya nusu saa.

Na ile Malarone wasiiache uwanjani wakidhani safari imekwisha. Siku saba baada ya kuondoka, kila siku, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili ifyonzwe. Mwandikie kaka yako tarehe ya kidonge cha mwisho kwenye boksi lenyewe.